Mama, Mume Wako Anakuulizia

Beechmont, Louisville
Jumapili asubuhi, majuma mawili baada ya Idi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua goti linasemaje, na kama ile dawa ya kuchua aliyokuletea Zuberi inasaidia au inanuka tu. Nataka kujua pia kama mvua zimeanza hapo Korogwe na kama paa la jikoni limezibwa. Sisi huku tumeamka wazima. Baridi imeanza kutuachia. Jana nilitoka bila kofia na masikio yangu yakarudi salama. Hamisi hajambo. Shabani hajambo, ameng'oka jino la mbele na sasa akisema neno lenye sauti ya s anapiga mluzi bila kutaka.

Barua hii anakuletea Mama Rukia, jirani yetu Mtanzania, anayekuja Tanga kumwona mama yake. Isome mwenyewe chumbani, na miwani yako. Usimpe Mwanaidi akusomee barazani, maana unamjua mdogo wangu, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umeshaisikia.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu zimeharibika. Tangu ile siku Hamisi alipozungumza nawe, kila nikipiga unaniuliza hali, unajibu "tuko salama," kisha unasema salio linaisha. Mama, anayepiga ni mimi. Salio ni langu. Na ukipewa Shabani unamwambia, "Hujambo mjukuu wangu, soma kwa bidii," basi, kama unazungumza na mtoto wa mkuu wa wilaya.

Kisa unakijua nusu tu. Nikueleze chote kwa utaratibu, kama nilivyokiandika kwenye shajara yangu, maana wewe mwenyewe husema nikisimulia bila kuandika naruka huku na huku.

Kilianzia shuleni. Mwalimu wa Shabani, mama mmoja mpole mwenye nywele nyeupe, aliwaambia watoto wachore watu wa familia zao. Shabani akamchora baba yake, akanichora mimi na sare ya kazini, halafu akachora mwanamke mkubwa kuliko sisi wote, amevaa kanga na ameshika mwiko. Mwalimu akamuuliza huyu ni nani. Akajibu, "Mke wangu. Anakaa Tanzania. Ananidai kanga, na nikichelewa atatafuta mwanamume mwingine."

Mama, mtoto ana miaka sita.

Nilipigiwa simu niko kazini, kwenye ghala la Jeffersontown tunakopaki vipuri vya mafriji. Nikadhani ameumia. Nilipofika shuleni nikamkuta mwalimu, mama mwingine wa ofisini, na mkalimani, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Kiingereza ninakijua cha kunitosha, lakini wao wakiona jina letu huita mkalimani, na siku hiyo nilishukuru.

"Bon, mama," mkalimani akaniambia, "mwalimu anauliza hivi. Mtoto anasema iko na muke kule Tanzania. Donc, ule muke ni nani?"

"Ni mama yangu mzazi," nikasema.

Yule mama akaangua kicheko kabla hajatafsiri. Wale wawili wakatazamana. "Pardon, pardon," akasema huku anajifuta macho. "Hata kwetu ni vile vile! Mimi babu yangu alikuwa ananiita muke wake. Siku ya ndoa yangu akasimama mbele ya watu wote, akasema wamurudishie mahari yake kwanza!"

Basi tukaeleza, mimi kwa Kiingereza changu na yeye kwa chake, kwamba Shabani amebeba jina la marehemu babu yake, kwa hiyo kwa bibi yake yeye ni mume aliyerudi akiwa mdogo. Kwamba bibi na mjukuu ni watani, wanachokozana, wanadaiana, wanasutana, na hakuna ubaya ndani yake. Mwalimu akasikiliza vizuri. Akasema kwao ni lazima kuuliza, kwa sababu kazi yao ni kumlinda mtoto. Mwishoni akacheka na yeye, akaomba ruhusa ya kubandika picha yako ukutani. Kwa upande wa shule, nakuapia, jambo liliisha hapo.

Nyumbani halikuisha. Hamisi amesikia habari nyingi kazini kwake, za familia za wageni zilizoeleweka vibaya, na kila habari inapopita mdomo mmoja inaongezwa chumvi. Akaniambia, "Leo wamecheka. Kesho atakuja mwingine asiyecheka." Nikamwambia aniachie, nitazungumza nawe mwenyewe. Sijamaliza kuosha vyombo nikamsikia sebuleni: "Mama, hayo mambo ya mume na mke tuyaache. Huku siyo Korogwe." Nawe ukajibu, "Haya, baba. Nimesikia."

Najua kilichokuuma. Kukatazwa tu ungeweza kuvumilia. Uliumia kukatazwa na mkwe. Hamisi ambaye tangu anioe hajakaa nawe mkeka mmoja, ambaye akikuta unakula anazunguka nyuma ya nyumba, ndiye aliyekuambia la kusema na la kuacha. Naye alijua mara tu alipokata simu. Alikaa nayo mkononi na samaki wake akapoa.

Sasa nikueleze ambayo hukuyaona.

Nilikwambia nimeanza darasa la Jumamosi katika chuo cha hapa mjini. Somo linaitwa sosholojia, habari ya watu wanavyoishi pamoja. Wiki ile ile mada ilikuwa namna mtoto anavyofanywa kuwa mtu wa jamii yake; kwenye kamusi nimeona wanaita ujamiishaji, wewe ungesema malezi, ila ni mapana kidogo kuliko malezi. Mwalimu alisema mtoto hazaliwi anajua salamu, wala aibu, wala wakati wa kunyamaza. Anayapata kwa watu waliomzunguka, na familia ndiyo huanza. Tena ndani ya familia kazi hiyo hugawanywa: yuko anayeamuru, na yuko anayefundisha kwa mzaha.

Nikanyoosha mkono. Nikawasimulia kuhusu bibi yangu, mama yako, aliyekuwa akiniita mke mwenza. Wewe uliniamuru nijifunze kusonga ugali nikakimbilia kwa jirani, kwa kina Zuhura, kucheza. Yeye alisema tu, "Mke mwenza mvivu wewe, unataka mume wetu ale uji kwa mkono?" Siku ya tatu nikajua kusonga. Mzee mmoja darasani, fundi bomba, akaniuliza, "Kwa hiyo bibi yako alikuwa mshindani wako?" Nikamwambia ndiyo, na alikuwa ananishinda. Darasa zima likacheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nafikiri.

Shabani anajua nini cha kwetu, na amekipata kwa nani? Mimi na baba yake tukimsemesha Kiswahili anatujibu Kiingereza. Wewe anakujibu Kiswahili, kwa sababu, kasema mwenyewe, "mke wangu hajui Kiingereza, nitamlisha nini tusipoelewana?" Kupokea kitu kwa mikono miwili alijifunza kwako, kwenye simu, ukimwambia mume wa mkono mmoja humtaki. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu mwezi mzima. Wewe ulimwambia mara moja kwamba hutembei barabarani na mwanamume anayeburuza kamba kama mbuzi aliyetoroka, na kesho yake zilikuwa zimefungwa.

Tangu ulipobadilika, ukipigiwa simu anaingia bafuni na kufunga mlango. Siku moja ndani ya gari aliniuliza, kwa Kiingereza, kama mtu anaweza kuachwa na mke wake bila kuambiwa. Nilianza kucheka. Yeye hakucheka.

Ikaja Idi. Tuliondoka alfajiri ya siku iliyotangulia kwenda Buffalo kwa kaka Athumani, tukapitia Columbus kumchukua Zuhura, yule yule wa utotoni unayemwita mwanao. Zuhura hajambo sana. Bado anakaa Whitehall na bado anatunza wazee majumbani. Wazee wanampenda mpaka mmoja anakataa kula ikiwa zamu ya mwingine. Alipoingia kwenye gari alisalimia mara moja tu. "Shemeji Hamisi," akasema, "nasikia umemwachisha mama yangu mume, na goti lenyewe bovu. Sasa atatunzwa na nani? Wewe?"

"Shemeji, niendeshe gari kwanza," Hamisi akasema.

"Endesha. Buffalo ni mbali, nitakusuta polepole."

Na kweli alimsuta mpaka tukafika.

Unakumbuka Athumani alivyokupigia siku ile baada ya swala. Wewe uliona nyuso tu. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Mtoto wake wa kwanza alishika simu, akasema "Hi Bibi," akampa wa pili. Wa pili "Hi Bibi," akampa wa tatu. Ikarudi kwa baba yao kabla chai haijapoa. Ni watoto wazuri, wana adabu, wanaosha vyombo bila kuambiwa. Lakini wewe kwao ni picha. Athumani aliiweka simu mezani akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi sikumkataza mama kitu. Niliacha tu. Zamu mbili kazini, nikasema watazungumza naye wakikua. Ndio hao wamekua." Hamisi alikuwa anakunywa chai. Akaacha.

Mchana akaja jirani yao, bibi mmoja wa Kirundi, ameleta sambusa. Kumwona Shabani tu akapiga makofi: "Ee! Mume wangu! Mzuri hivi, mbona hukuniambia unakuja?" Mimi nikamtazama Hamisi.

Shabani akaweka mikono nyuma. Akajibu kwa Kiswahili, chote, na miluzi yake: "Samahani, Bibi. Mimi nina mke tayari. Yuko Korogwe."

"Heh! Na mke mwenyewe anakupikia?"

"Amenuna."

"Amenuna kwa nini?"

"Sijui. Hajaniambia. Lakini mimi sitafuti mwingine."

Watu walicheka mpaka Athumani akaegemea ukuta. Zuhura alikuwa anacheka na kulia. Hamisi akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na gari bila koti, na Buffalo bado kuna theluji.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kumshusha Zuhura, Hamisi aliniambia, "Mama Shabani, nilimkosea mama. Nitamwombaje radhi? Kwa simu tena siwezi." Nikamwambia hilo analijua kuliko mimi. Akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akampigia kaka yake mkubwa, Mzee Rajabu wa Handeni, akamweleza yote bila kujitetea. Nilimsikia Mzee Rajabu kutoka kiti changu: "Ulimkataza mkweo? Kwa simu? Wewe mtoto umekulia wapi?" Kwa hiyo Mama, Mzee Rajabu atakuja kwako na dada yao mkubwa. Hawatakuja mikono mitupu, lakini hayo ni ya wakwe, siyaandiki. Nakuomba uwapokee. Najua unaweza kuwaweka barazani mpaka jua litue, na una haki hiyo, ila Mzee Rajabu naye ana mgongo.

Kuhusu ile hofu ya Hamisi, tumeipatia njia. Tulikaa na Shabani mezani, sote watatu, tukamweleza kwamba nyumbani na kwenye simu wewe ni mke wake, na shuleni akiulizwa aseme, "Ni bibi yangu, tunataniana." Hamisi alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto atachanganyikiwa. Shabani akamtazama kama anamwonea huruma, akasema, "Baba, hata nyumbani mnaniita Shaa na shuleni Shabani. Mimi najua niko wapi." Nikaona masomo yangu yote ya Jumamosi yamesemwa na mtu asiye na jino la mbele.

Mama, ninalokuomba ni moja. Wewe uliniambia mwaka jana kwamba mjukuu wa mbali ni kama wa kusimuliwa. Huyu hakuwa wa kusimuliwa. Alikuwa wako kabisa, na bado anaweza kuwa. Ijumaa ya kwanza baada ya Mzee Rajabu kuja, nitapiga baada ya swala yenu. Sitasema mimi. Nitampa Shabani aanze. Ana malalamiko yake ameyapanga, hataki kunionyesha. Ukimjibu "Hujambo mjukuu wangu, soma kwa bidii," nitaelewa kwamba bado hujapoa, na nitasubiri. Lakini kama umepoa hata kidogo, mjibu anavyojibiwa mume aliyekaa kimya muda mrefu, na usimhurumie.

Mengine ni mazuri. Kazini nimehamishiwa sehemu nyingine, sasa nakaa kwenye kiti, na msimamizi wangu mpya ameniachia Jumamosi zote za darasa. Mungu akijalia, mwakani nitaanza kusomea ustawi wa jamii.

Nisalimie Mwanaidi, mdogo wangu, na umwambie barua yake itakuja, aache kuitafuta hii. Nisalimie mdogo wetu Zuberi na mkewe, na shangazi yangu wa Mombo, mwambie mtoto wa kaka yake hajamsahau. Nisalimie na mjomba fundi cherehani, na yule jirani anayekuchotea maji siku goti likikataa. Hamisi anasema anakuamkia kwa mbali, shikamoo, na anainamisha kichwa. Zuhura na Athumani wanakuamkia pia.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mwanahawa

Shabani amekuja kusimama hapa mezani, ameniuliza namwandikia nani na simu ni lini. Nimemwambia ni Ijumaa, ila sijui Ijumaa ipi. Amefikiri, halafu amesema niandike kwamba Ijumaa zote hatatoka kwenda kucheza. Atakaa karibu na simu.