Mkulima Ulimwona, Mimi Hukuniona

Tregaron, Jumatatu, 3 Februari 2025

Lowri mwanangu,

Mimi mzima, ila ubavu unaniwaka kama nimemwagiwa maji ya birika. Wewe hujambo? Nauliza kwa adabu tu, maana nimekasirika na simu yako sipokei.

Leo nimepanda basi hadi Lampeter na Nesta Beynon wa kanisani. Njia nzima nimemsimulia: binti yangu si muuza dawa tu, dawa anaandika mwenyewe, na ngozi ya mtu haimshindi. Tukakaa kwenye viti vya dukani kwenu. Ukamwita mkulima mwenye choa alichoambukizwa na ndama wake. Ukamwita binti mwenye mtoto wa vidonda mdomoni, ambaye zahanati imemwambia asubiri wiki mbili. Hata kijana wa chunusi ukamwona. Zamu yangu ilipofika ukasimama mlangoni ukasema, Nesta akisikia, "Mama, siandikii dawa watu wa damu yangu. Iestyn atakuona."

Iestyn, mfamasia mwenzako ambaye ndevu hazijakolea. Nesta akainama kwenye mkoba wake kama anatafuta kitu. Ndiyo maana niliondoka. Hii ni pumu yangu ya ngozi ya kila baridi, imeanza jana, na mafuta ninayo.

Mama yako aliyekuzaa

Lampeter, Jumanne, 4 Februari

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa aibu ya jana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pumu yako ya ngozi hukaa kwenye viwiko, vyote viwili. Jana ulikuwa umeshika ubavu mmoja tu, na sasa unaniambia unawaka. Nahofia ni mkanda wa jeshi. Vidonge vyake huanzwa ndani ya siku tatu; ukichelewa, maumivu yanaweza kukaa miezi. Hesabu tangu Jumapili.

Tena nakiri jambo. Ungeingia ukaniambia ni pumu ya ngozi, ningekuandikia krimu bila kukufunua, kwa kuwa tangu utoto usemalo naliamini. Iestyn hana mazoea hayo. Ndiye anayekuletea barua hii. Tafadhali mfungulie.

Binti yako Lowri

Tregaron, Jumapili, 23 Februari

Mwanangu,

Nimepona, yamebaki makovu yanayowasha. Wewe unakula vizuri?

Iestyn nilimwacha mlangoni na mvua yake hadi nikamaliza kusoma. Alipoingia nikaanza kumweleza ugonjwa wangu. Akasema, "Mama, naomba nione kwanza." Jikoni kwangu hajawahi mtu kunikatiza hivyo. Malengelenge yalitoka mgongoni hadi chini ya titi. Akaandika dawa, akakimbilia duka la dawa la hapa kabla halijafungwa.

Sasa sikia. Leo, baada ya ibada, Nesta kasema kwa sauti ya huruma kwamba wanaokwenda kwa mfamasia ni waliokosa daktari. Nimechemka. Nikamuuliza yule mtoto wa vidonda mdomoni angesubiri wiki mbili kwa ajili ya nani. Nikamuuliza na mumewe, ambaye fangasi zinamla miguu tangu Krismasi, anasubiri nini.

"Na wewe binti yako alikufukuza," akasema.

"Alinikatalia," nikamjibu. "Nitajie mwanao anayeweza kumkatalia mama yake mbele za watu na akawa sahihi."

Kanisa zima sasa linajua ulivyonikatalia, nimehakikisha mwenyewe. Ila lile la krimu lisitoke tena mdomoni mwako. Barua ile nimeitia motoni.

Mama yako, mgonjwa wa Iestyn