Kikingio Chako Wamekipaka Rangi ya Machungwa

Dar es Salaam, Jumatano

Mume wangu kipenzi Deo,

U mzima? Unakula vizuri tangu niondoke? Mguu wa mama mkwe umepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima, mpenzi, na kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama kichaa. Ila leo natabasamu huku nimekunja ngumi. Ningekupigia simu, lakini nakujua: ungesema "achana nao, mama" kwa ile sauti yako, nami ningelainika. Sitaki kulainika. Ndiyo maana nampa konda wa basi la Ifakara barua.

Jana mkuu wetu wa bustani hapa hotelini alitupeleka kwenye maonesho ya mashine za bustani na viwanja. Nilifurahi! Mashine za kukata nyasi unazikalia kama trekta, vinyunyizio vinavyozunguka vyenyewe, nyasi za plastiki ambazo hata mbuzi angezisusa. Kila kitu nilitamani ukione wewe, ukigonge kwa kidole kama unavyogonga mabati.

Halafu nikafika banda la mwisho. Deo, nilikikuta kikingio chako! Kile ulichokikunja kutoka kwenye pipa la mafuta, ukakifunga kwenye mashine ya kufyekea nyasi ili ikikata mpunga iulaze upande mmoja, isiutawanye. Kilekile, ila kimepakwa rangi ya machungwa na kubandikwa karatasi: "Ubunifu wetu mpya."

Nikajiambia, Skola, vitu hufanana. Nikainama. Matundu matatu! Mawili yana bolti, la tatu tupu. Lile ulilotoboa pembeni kimakosa, wiki uliyoleta posa kwetu, kwa sababu nilipita na gauni jipya ukanitazama mimi badala ya drili.

Nikamwuliza muuzaji, "Samahani kaka, hili tundu la nini?"

"La kupitisha hewa, dada. Wataalamu wetu wamelipima."

Hewa! "Aliyelipima ni mume wangu, na alikuwa ananipima mimi!"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji hana kosa!" Muuzaji akaninong'oneza, "Dada, usituharibie biashara. Fundi wa kijijini atengeneze hiki?"

Kijijini! Ifakara ni kijiji?

Na mwizi namjua. Ni yule mgeni wa wakati wa mavuno, aliyesema anapiga picha za kumbukumbu. Ulimshikia kikingio juani mwenyewe ili picha itoke vizuri, ukamgawia na perege niliyekuletea wewe. Nilikuambia, "Mwulize anatoka wapi." Ukajibu kwamba mgeni hahojiwi. Kwa hiyo hata wewe nimekukasirikia, mume wangu mzuri, tena sana.

Nikatoa simu, nikawaonesha picha zako ukiwa gereji unakikunja kikingio. Akaja mama mmoja, mkuu wa banda. Akazitazama moja moja.

"Picha mtu yeyote anaweza kupiga," akasema. "Huyo fundi mwenyewe yuko wapi?"

Mkuu wetu wa bustani akanivuta mkono. "Skola, omba radhi twende."

Sikuomba. Nilisema, "Yuko Ifakara. Jumamosi atakuwa hapa."

Basi nimekuahidi bila kukuuliza. Maonesho yanafungwa Jumamosi jioni. Panda basi la Ijumaa asubuhi, uje na kikingio chenyewe, na kutu yake na masizi yake. Usikioshe. Na huo upole wako uuache nyumbani. Wakikupa soda, usinywe mpaka ile karatasi ibanduliwe.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie namwombea. Wifi yangu muuza samaki asikubali ughairi. Akuburute mpaka stendi ikibidi. Kaka yangu wa Mlimba mwambie shemeji yake ana safari. Baba mkwe akuazime begi lake kubwa.

Nitakuwa stendi kabla basi halijafika. Nitakukumbatia kwanza, halafu twende tukagombane nao.

Mkeo, wako peke yako,
Skola