Wazee Wamekubali Nini

Dar es Salaam,
Jumatano asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mama naye mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri kusikia kama nakula vizuri. Mwambie nakula. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Masakta? Maharage mmeshapura, au mvua imewachelewesha? Mimi ni mzima, ila joto la huku na mimi bado hatujapatana.

Barua hii anakuletea Mwalimu Neema, yule anayefundisha shule yenu ya kata. Alikuwa huku kwao likizo, na keshokutwa anarudi kazini. Ningepiga simu, lakini kila nikijaribu naikata kabla haijaita. Nimeshtuka, baba. Tangu Jumamosi nimeshtuka na bado sijatulia, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala upande usidhani nimeanza kunywa.

Kazi yangu unaijua, na najua pia unavyowaeleza watu: "Binti yangu ndiye anayepiga kinanda watu wakilia kwenye televisheni." Sijawahi kukukosoa kwa sababu si uongo. Nilianza na kinanda cha kigangoni, nikaja huku nikatunga vibwagizo vya matangazo ya sabuni na unga. Baadaye zikaja tamthilia, zile ambazo kila kipindi mama mkwe lazima afungue mlango ghafla, na mimi lazima nipige ngoma mlango ukifunguka. Nimefungua milango mingi sana. Mwaka huu ndipo nikapata filamu nzima, muziki wote wangu, mwanzo hadi mwisho. Inahusu mjane ambaye mfanyabiashara anataka kumnyang'anya shamba. Mwishoni shamba linabaki kuwa lake, na mvua inanyesha.

Pale penye mvua ndipo nilipoweka sauti zenu. Unakumbuka Krismasi, mlipokaa uani kwa kaka Safari kubariki nyumba yake mpya, baba mkubwa akaongoza maombi ya slufay na ninyi wazee wengine mkaitikia kila ombi? Nilikuomba nirekodi, ukasema, "Chukua, ni maombi, hayaishi." Baadaye nikakupigia kukuuliza kama naweza kuyaweka kwenye picha ya mvua, ukasema haya. Maneno ya baba mkubwa niliyaondoa, kwa sababu watazamaji hawajui Kiiraqw, na Idrisa, mwongozaji wa filamu, aliona yatawachanganya. Nikabakiza itikio peke yake, ile "eee" ndefu ya wazee wote pamoja, juu ya matone ya kwanza. Nilipomaliza nililia, na mimi huwa silii kwa kazi yangu, huwa naliza wengine.

Basi Jumamosi jioni tukaitwa kuitazama filamu ikiwa imekamilika. Ukumbi ulijaa, watu wamependeza, mimi nimevaa lile gauni la kitenge alilonishonea mama. Nilikaa naisubiri mvua yangu kama mtoto anayesubiri nyama ya sikukuu.

Filamu ilipofika katikati, yule mfanyabiashara amekaa na vijana wake, wanaitazama nyumba ya mjane kwa mbali. Akasema, "Huyu mama aondoke." Nikasikia: eee. Nikadhani mitambo imeharibika. Akasema, "Mazao yake yaungue." Eee. "Na watoto wake wakose pa kulala." Eee, na hapo nikakusikia wewe, baba. Itikio lako huja nyuma kidogo ya wenzako, halafu unakohoa. Ulikohoa. Ukumbi mzima ulimsikia baba yangu akikubali watoto wa mjane wakose pa kulala.

Dada aliyekaa kando yangu alikuwa anajipapasa mikono kwa kusisimka, akaninong'oneza kwamba muziki wangu umemtia baridi. Ilipofika mvua, hapakuwa na ninyi. Walikuwa wamepachika filimbi.

Mlangoni alikuwa ananisubiri bwana mmoja wa makamo, akanisalimia kwa Kiiraqw. Ni tabibu, mtu wa Balangdalalu, anafanya kazi huku. Alikuwa ameona jina langu la ukoo kwenye skrini akajua ni la kwetu. Hakunipongeza.

"Dada," akasema, "wale wazee wamekubali nini?"

"Walikuwa wanabariki nyumba ya kaka yangu."

"Mimi nimesikia wanaitikia laana."

Nilisimama pale na pochi yangu mkononi mpaka akaaga akaondoka.

Nikamtafuta Idrisa. Si mtu mbaya, ni kijana mwerevu mwenye haraka. Nilimkuta anapigwa picha.

"Umehamisha itikio," nikamwambia.

"Nimelihamisha, ndiyo. Kwenye mvua lilikuwa zuri, lakini pale limekuwa zito. Hujaona watu walivyosisimka?"

"Ile ni baraka, Idrisa."

"Dada Paskalina, ile ni eee tu. Haina maneno."

Hapo nikashtuka kuliko nilivyoshtuka mle ndani. Ni kweli haina maneno, na aliyeyaondoa ni mimi. Kwetu hata mtoto anajua kwamba itikio halisimami peke yake, linakubali chochote kilichosemwa mbele yake. Mimi niliyekua nikiitikia nyuma yenu niliacha ile nafasi ya mbele wazi, na mwingine akaja akaweka alichotaka. Hakujua kwamba anaweka kitu mdomoni mwa watu.

Sijui, baba, kama eee iliyonaswa kwenye mashine ina nguvu. Nyumba ya Safari imebarikiwa kwa sauti hiyohiyo, na watoto wa Safari wanalala ndani yake. Wewe unajua zaidi, au baba mkubwa anajua. Mimi naogopa tu, na sioni haya kusema naogopa. Ninachojua ni kwamba filamu itaonyeshwa kwenye televisheni, hapo dukani Masakta wataitazama, na kila mtu mzima atazitambua sauti zenu. Watakuja kukuuliza kama alivyoniuliza yule tabibu.

Jana nilikwenda ofisini kwa Bi Mwajuma, ambaye filamu ni mali yake. Ni mama wa heshima, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema muziki nilishawauzia, kwa hiyo mimi sina tena usemi. Lakini sauti za wazee ni za wazee, na ruhusa uliyotoa ilikuwa ya mvua. Atakupigia mwenyewe wiki ijayo kukuuliza. Ukikubali, itikio linabaki lilipo. Ukikataa, watalikata.

Kisha akaniambia taratibu, "Mpigie mzee umwandae. Wewe ni mwanawe, atakusikiliza. Ile tamthilia mpya nilitaka muziki wake uufanye wewe, lakini siwezi kufanya kazi na mtu anayenifumulia filamu iliyokwisha."

Hakunitisha. Aliongea kama mtu anayenihurumia, na hilo ndilo lililoniumiza. Tamthilia hiyo ni kubwa, ndiyo niliyokuwa naitamani tangu nifike mji huu. Nikiikosa sijui nitafanya nini, labda nitarudi kwenye sabuni.

Baba mkubwa mpe shikamoo yangu, na umweleze wewe habari hii kwa lugha ya wazee, mimi sitaweza. Kaka Safari na mkewe wasalimie, lakini usiwaambie chochote mpaka wewe na baba mkubwa mmezungumza. Dada Elizabeti wa kwaya mwambie nyimbo alizoniomba nitamtumia. Mama mwambie gauni lake lilisifiwa na kila mtu.

Bi Mwajuma atakapopiga atakuwa mpole. Atakuita mzee wangu, ataulizia goti lako, kisha ataitaja kazi yangu. Nami nakujua, baba. Ukisikia kwamba riziki ya mwanao iko hapo, utakubali ubebe laana ile wewe mwenyewe ili mimi nile. Ndiyo maana nimekuandikia kabla hajapiga. Usinifanyie hivyo. Kataa, baba, hata akikuambia kwamba mimi nimekubali.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Paskalina