Nani Anaunguza Vitunguu?

Mjomba,

Mwakeye, shikamoo. Najua ungeuliza kwanza bucha, halafu mbuzi, halafu mimi, kwa hiyo naanza na bucha. Bucha ipo. Mkeo Mama Zuhura anakata nyama kwa shoka lako, na wateja wa Kasulu mjini wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe. Akisema kipande ni steki, ni steki, hata kama kina mfupa. Simu yako nayo haikuzimwa. Anaitia kwenye mfuko wa aproni, na wanaokuulizia anawajibu yeye.

Simu hiyo ndiyo imenifanya nikuandikie.

Kuna mpango wa kuwalea vijana wanaoanza kazi kwenye sayansi ya ubongo. Ukichaguliwa unapewa mlezi aliyebobea na nafasi kwenye maabara, mpaka uweze kuendesha utafiti wako mwenyewe. Wanasema wanataka vijana wa kila aina, kutoka kila pembe, siyo wale wale wa siku zote. Nilikuwa nimeomba mara mbili nikakosa. Mara zote mbili niliandika kwamba natoka katika "familia ya wadau wa mifugo". Nilikuonea aibu, Mjomba. Nisamehe.

Mara ya tatu fomu iliuliza ni nani aliyenifanya niupende ubongo. Nikaandika jina lako, kazi yako mwenye bucha, na namba yako, ambayo mkono wangu huiandika bila kuniuliza. Nikatuma. Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi ndipo nikakumbuka kwamba umekufa.

Wakapiga. Ilikuwa siku ya soko na foleni imefika nje. Unamjua Mama Zuhura, hawezi kumtupia mtu habari ya msiba kavukavu. Akamwuliza yule dada wa ofisini: "Uko wapi, mwanangu? Umekaa? Una mtu karibu?" Akamwambia atafute kiti, anywe maji kwanza. Dada wa watu akakaa, akanywa maji, moyo unamwenda mbio, wala hakujui wewe wala ukoo wako. Alipoambiwa, akalia. Ameniambia mwenyewe kwamba hajawahi kumlilia mtu asiyemjua.

Mama Zuhura akaona simu isipotee bure, akaanza kunisifu: "Huyo mtoto katunyima supu ya ubongo miaka yote. Kila kichwa cha mbuzi anataka akifungue yeye." Na yule mama Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge, mteja wako wa maini, akainyakua simu: "Madame, ule mutoto iko na akili mingi. Mumupatie kazi!" Nasikia foleni nzima ilipiga makofi.

Basi nikaitwa kwenye usaili. Tuliosubiri nje ya mlango tulijitambulisha. Mmoja baba yake ni daktari wa upasuaji, mwingine mama yake ni mhadhiri. Mimi nikasema nimezaliwa Kitanga, Kigoma, na papo hapo wakaniagiza dagaa. Ningewaelezaje kwamba ziwa lenyewe nililiona nikiwa nimeshamaliza sekondari?

Sasa nina jambo la kukiri.

Unakumbuka kichwa cha kwanza ulichoniruhusu kukifungua? Ulinionyesha namna ya kugonga kwa mgongo wa shoka, taratibu, usiharibu kilichomo. Ubongo ukatoka mzima. Ukanipa kijiti cha meno ukasema: "Haya mpwa wangu, wewe unayesoma, nionyeshe panaponiangusha." Kifafa chako hakikuwa siri kwa mtu yeyote sokoni. Ulikuwa ukikata nyama, ghafla unauliza kwa ukali, "Nani anaunguza vitunguu?" Hakuna aliyekuwa anapika. Hapo Mama Zuhura alikuwa anapokea kisu, mimi navuta kigoda, mteja anashika mizani, tunakulaza ubavu. Ukiamka unauliza ni zamu ya nani.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Nikachoma kijiti kwenye vile vinundu viwili vya mbele kwa sababu ndivyo vilivyochomoza. "Hapa," nikasema, kama profesa. Ukaniamini. Tangu siku hiyo ukawa unasukuma kofia yako nyuma ili pale mbele papate hewa, hata kwenye picha ya harusi ya Zuhura.

Mwaka wa kwanza chuoni nikajifunza kwamba vinundu vile kazi yake ni kunusa tu. Kila likizo nilipanga kukwambia, na kila likizo nikakukuta umesukuma kofia nyuma. Nikashindwa.

Mle ndani ya usaili niliwaambia yote, hadi kofia. Profesa mmoja, mama wa makamo, akaniuliza ulikuwa unahisi nini kabla ya kuanguka. Nikasema, harufu ya vitunguu vinavyoungua. Hapo hapo nikajisikia nilichosema. Kifafa kinachoanza na harufu mara nyingi huanzia huko ndani kunakopita habari za kunusa, usawa wa sikio. Mjomba, sura hiyo nimeisoma, nimeifanyia mtihani, nimefaulu! Lakini haikunijia kukuwaza wewe. Machoni pangu hukuwa mgonjwa, ulikuwa Mjomba mwenye ugomvi na vitunguu.

Profesa akacheka, akafuta miwani. "Kijiti chako hakikukosea kwa mbali sana," akasema. "Hata sisi humu bado tunaonyesha kwa kijiti." Nimepata nafasi, na yeye ndiye mlezi wangu.

Natamani ungekuwepo umtangazie kila mteja. Nimelia peke yangu kwa furaha, na hiyo haina raha.

Kazi nitakayofanya ni kuzunguka vijiji vya Kasulu na Kibondo, kuwauliza wenye kifafa wanahisi nini kabla hakijawaangusha, na walio karibu nao wanafanya nini. Unajua kwa nini. Siku ile ulipokwenda peke yako kununua mbuzi Mabamba, uliuliza swali lako pale mnadani na hapakuwa na mtu wa kulijua. Waliniambia mama ntilie alikujibu kwa hasira kwamba yeye leo anapika maharage tu. Nilicheka msibani, Mjomba, mpaka wakanitoa nje. Kisha nikakumbuka mawe uliyoangukia.

Juzi jirani yangu ameunguza vitunguu. Nilikuwa nafua. Kabla sijawaza lolote, nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea kisu.

Lala salama, Mjomba, na kofia yako irudishe mbele, pale hapana kosa. Nikifika Mabamba nitaanza na yule mama ntilie. Nitamfundisha kwamba mtu akimwuliza nani anaunguza vitunguu, asijitetee. Anyooshe mkono.

Mpwa wako,
Tatu