Naona Haya Kukalia Kiti Msikitini, Binti Yangu Anadhani Nimemkataa Mchumba Wake

Mpendwa Bi Esha, shikamoo. Naomba unisitirie jina, maana nilikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa, na hapa Bagamoyo hata watoto ambao hawakuwahi kuniona nikicheza wananijua, tena kwa jambo moja tu, kwamba kila nikifunga goli nilikuwa nakimbilia kwenye kibendera cha kona nikapiga sijida, na mpaka leo vijana wakifunga kwenye mechi za mchangani huiga hivyo hivyo.

Sasa nina miaka arobaini na sita na goti langu la kulia halikunjiki, kwa sababu klabu moja ya Uarabuni ilikuwa inanichoma sindano ili nicheze na maumivu, nami nikaona huo ndio uanaume. Daktari ameniambia niswali nimekaa kwenye kiti. Nikaenda Ijumaa moja, nikakalia kiti cha plastiki kule nyuma na wazee, na tulipotoka kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Mkongwe leo kaanzia benchi!" Watu wakacheka, Bi Esha, hata wale wazee wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilifika nyumbani nimelowa jasho na sijarudi tena msikitini. Kila Ijumaa namdanganya mke wangu kwamba napeleka mananasi Chalinze na nitaswali huko huko, kumbe niko shambani Kiwangwa, naswali adhuhuri peke yangu juu ya kreti, kama mwizi.

Sasa binti yangu, tumwite Hafidha, ameposwa na kijana wa Lugoba, kijana mwenye adabu zake, na ndoa ni Ijumaa ijayo msikitini baada ya swala. Mimi ndiye walii. Nilipowaza wakwe wote wamekaa mkekani na mimi nimening'inia juu ya kiti, nikamwomba mdogo wangu aozeshe kwa niaba yangu, nikasingizia safari. Jana Hafidha alinifuata uani nikijikanda goti, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, huyu mwanamume hujampenda? Sema tu, nitarudisha posa." Nikaendelea kujikanda goti, akaondoka analia. Nifanyeje, Bi Esha, maana hata kukuandikia naona haya?

Baba wa Bi Harusi, Bagamoyo

BI ESHA ANAJIBU

Marahaba, Baba wa Bi Harusi. Jina nimekufichia, ingawa kwa hiyo sijida uliyoieleza nadhani Bagamoyo nzima imeshakutambua.

Pole kwa goti, nasema kwa dhati, na pole kwa kicheko kile, maana najua kilikuchoma. Lakini na wewe! Ulisujudu mbele ya uwanja mzima na kamera zikikumulika, hukuona haya. Leo Mola yule yule amekuruhusu ukae, wewe unakwenda kujificha kwenye mananasi. Sijida zile zilikuwa za nani? Usinijibu mimi.

Mdogo wako akiozesha, ndoa itasihi, hakuna atakayebisha. Lakini binti yako ataamini maisha yake yote kwamba baba yake hakumtaka mumewe. Mtoto yuko tayari kumwacha mwanamume anayempenda ili akuridhishe wewe, na wewe huko tayari kukalia kiti kwa ajili yake? Hilo ndilo la kuonea haya, baba.

Leo hii, kabla hujaliweka gazeti chini, mwite Hafidha na mama yake. Waonyeshe goti. Waambie kwa mdomo wako kwamba mkwe unampenda, na kwamba kilichokukimbiza ni kiti. Uongo wa Chalinze nao uutoe, mkeo atakununia siku mbili kisha yataisha. Mpigie mdogo wako, mwambie safari imevunjika.

Ijumaa fika mapema, ubebe kiti chako mwenyewe, ukiweke ukingoni mwa safu ya mbele, si nyuma. Wakati wa kuozesha ukifika, omba bwana harusi naye aletewe kiti, mkae uso kwa uso, maana ukiinama kumshika mkono aliye mkekani goti litakuumbua. Kijana mwenye adabu hatakataa. Na wa bodaboda akirudia utani wake, mjibu kwamba ndiyo, ulianzia benchi, sasa umeingia.

Binti yako atakuwa ndani na wanawake, ametega sikio kwenye kipaza sauti cha msikiti. Ile sauti itakayosema "nakuoza binti yangu" anaijua tangu utotoni. Asije akasikia ya mtu mwingine.