Bega la Ouma na Plasta ya Nyumba ya Mama

Kianda, Kibera,
Nairobi.
6 Oktoba 1996

Mpendwa shemeji Austine,

Hamjambo huko Yala? Mama anaendeleaje na miguu yake, na wewe kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua. Watoto wanaenda shule, mimi bado nauza mboga za sukuma wiki kando ya njia ya Ayany, na mvua imeanza kutuingilia chini ya mlango.

Barua yako ilifika. Umeuliza mara mbili ni lini kaka yako atakuja kupiga plasta nyumba ya mama, ukaongeza kwamba Nairobi imemsahaulisha kwao. Hapo ulinikasirisha, shemeji, na nimengoja hasira ipoe ndipo nishike kalamu. Ouma hajasahau. Ni bega.

Unakumbuka alianguka Aprili kutoka kwenye mbao za jengo, bega la kulia likatoka. Lilirudishwa, kisha tukatumwa kwa Wangoi, dada anayefundisha mazoezi ya viungo kwenye zahanati moja kule Kawangware, karibu na kituo cha basi namba 46. Tulikuwa tunaenda kwa miguu.

Zoezi lenyewe lilionekana mchezo wa watoto. Asimame mbele ya ukuta, kiganja usawa wa kiuno, asukume polepole. Wangoi alichukua vidole vyangu akaviweka, vingine kwenye msuli wa shingoni mwa Ouma, vingine mgongoni mwake kwenye mfupa wa bega, ili nisikie ni msuli upi unaofanya kazi. Akanieleza kwamba mkono ukiwa chini, ile misuli midogo inayoshikilia bega mahali pake inapata kazi. Ukiupandisha mapema, msuli mkubwa wa shingoni unainyang'anya kazi yote, nayo inabaki imelala. Mkono ungepanda kidogo kidogo, kutoka kiunoni hadi kifuani, halafu begani, na ni yeye Wangoi angesema lini.

Ouma akamwambia, "Sista, kazi yangu iko huko juu kwa dari. Sasa mimi nitapiga plasta ya magoti?"

Tulicheka wote. Wangoi akamjibu, "Cheka tu, lakini hiyo mkono ikae chini."

Nikiwa nyumbani alisukuma ukuta wa kando ya kitanda vizuri kabisa. Nikienda kuuza, alisimama mlangoni akasukuma boriti ya juu, mkono umenyooka, kwa sababu aliamini fundi wa dari lazima ajizoeze pale anapofanyia kazi. Sikujua. Nilichoona ni shingo kunenepa upande mmoja, nikamtania kwamba sasa anaweza kubeba ng'ombe. Kumbe nilikuwa nasifu balaa.

Agosti alirudi kazini bila kumwambia Wangoi, kwenye ploti ya mzee Waithaka huko huko Kawangware. Alipoinua mwiko wa saruji kwenye dari, bega likatoka tena, na safari hii nyama za ndani zikachanika. Waithaka mwenyewe alimfikisha hospitali, siwezi kumsema vibaya. Kesho yake fundi mwingine alikuwa juu ya mbao zile zile.

Daktari amesema mkono hautapita kifua tena. Hapo ndipo Ouma alipokiri alivyokuwa akisukuma, nami nikarudi nyumbani nikaitazama ile boriti. Ina doa jeusi linalong'aa, na siku zote nilidhani ni moshi wa stovu. Ni kiganja chake. Nilimwita mjinga mbele ya watoto, na mpaka leo naona uchungu. Alisema tu, "Nilitaka kupona haraka nimalizie mama nyumba."

Siku hizi anasukuma ule ukuta wa kando ya kitanda kila asubuhi bila kukumbushwa, mkono kiunoni. Mimi naweka vidole pale nilipoonyeshwa. Shingo imelegea na ile misuli midogo inafanya kazi, lakini tumechelewa.

Usimsomee mama barua hii yote. Mwambie tu kwamba Ouma anakuja Desemba. Nisalimie mkeo Aluoch, na Billy wenu mwambie aache utundu. Mungu awafunike nyote na awape mavuno.

Nina ombi moja, shemeji. Tafuta fundi wa kupiga plasta juu, lakini usikubali amalize. Kuta zote za mama, kuanzia kiunoni kwenda chini, amwachie Ouma. Na asijue kwamba ni mimi niliyeomba.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Apiyo