Masanduku Hayatoki

3 Machi

Mpendwa mdogo wangu Maranda,

Habari za siku? Natumaini u mzima na vumbi la mbao halijakumaliza kifua. Sisi huku wazima, wifi yako anakusalimu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Sijui nimekukosea nini, lakini hayo tuyaache.

Ni hivi. Yale masanduku matatu niliyoyaazima kwako ili niende mapumzikoni na wifi yako, la kitanda, la jiko na la maji, bado yamo garini. Nimefungua nati zote nane. Nimevuta, nimesukuma, nimeyapigia magoti. Hayatoki. Wateja wananingoja nikawapakie nyumba rangi, na mimi ndoo zangu nazilaza kitandani kama wagonjwa. Tena tarehe 20 nimejiandikisha maonyesho ya mafundi. Waamuzi wanataka kuona nyumba ya safari ikigeuka kuwa gari la kazi ndani ya dakika kumi. Yakigoma, nitakuwa nimewaonyesha chumba chenye magurudumu.

Hebu nipe siri.

Kaka yako

6 Machi

Shikamoo kaka,

Mimi mzima, kifua hakina neno. Yanayoniuma ni macho. Jana nilipeleka viti uwanja wa maonyesho, nikakuta ubao wako umeshasimama getini, umeuandika kwa ile hati yako nzuri: MASANDUKU HAYA NIMEYATENGENEZA MWENYEWE.

Wewe, kaka? Ambaye msumari ukikuona tu hujipinda?

Unajua wateja wakiingia karakana yangu huniuliza nini, na randa ninayo mkononi? "Fundi yuko wapi?" Swali hilo nimelijibu miaka kumi na moja. Nilitengeneza masanduku haya ili yalijibu kwa niaba yangu, kila yatakapopita. Sasa umelijibu wewe, tena kwa herufi kubwa.

Simu sipokei kwa sababu ya simuni huwa unayakana. Kuna komeo moja lililojificha. Litakapoachia, masanduku yote yanatoka. Nitakwambia lilipo ukibadilisha kitenzi kimoja pale getini.

Nisalimie wifi.

Mdogo wako

9 Machi

Maranda mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa macho. Nimekusikia. Nimefuta na kuandika upya: TUMEYATENGENEZA WENYEWE. Umo humo ndani, kwenye hiyo "tu". Nati si nilinunua mimi? Ubao si nilikushikia ukikata? Na gari je, la nani? Tusigombanie silabi kama watoto wa darasa la pili.

Huku hali si nzuri. Ndoo ya rangi nyeupe imemwagika kwenye godoro. Wifi yako amesema nikalale nayo.

Komeo liko wapi?

Kaka yako

11 Machi

Shikamoo kaka,

Nashukuru kusikia mu wazima. Mpe pole godoro, halikuwa na kosa.

Nimejitafuta kwenye hiyo "tu" sikujiona. Ubao ulinishikia mara moja, ukasinzia nao, nikakata kwa kukuzunguka. Miezi minne nilikuwa nakata maboksi na kuyabandika ubavuni mwa gari mpaka nikaujua mpindo wake, maana gari halina ukuta ulionyooka. Kila sanduku nililipima kwa mgongo wangu. Nililoshindwa kulinyanyua peke yangu nililipunguza, kwa sababu nilijua wa kunisaidia hayupo.

Na nati zako, kaka, bolti zake zilikuwa fupi. Hazikushika kitu. Nilizifunga nisikuvunje moyo. Kwa hiyo mchango wako upo, tena unang'aa. Ila haufanyi kazi yoyote.

Kitenzi bado.

Mdogo wako

14 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mkubwa wako, na nadhani umeanza kusahau. Baba alipotutoka, nani alikushika mkono akakupeleka shule? Mambo ya nyumbani hayaanikwi getini watu wakayasoma wakipita.

Kwa ajili ya amani nimeandika hivi: MASANDUKU HAYA YAMETENGENEZWA KWA USTADI MKUBWA. Hakuna mimi, hakuna wewe, hakuna sisi. Nani atalalamika?

Usiponipa komeo kufikia kesho kutwa, nachukua msumeno.

Kaka yako

16 Machi

Shikamoo kaka,

Sijasahau kuwa u mkubwa. Hesabu shikamoo zangu, sijaruka hata moja. Na shule ulinipeleka kweli. Huko ndiko nilikojifunza kuwa kitendo kina mtendaji.

"Yametengenezwa." Na nani, na mvua?

Msumeno huo chukua. Nitaumia, sikufichi. Lakini mimi nikipata miezi mingine minne natengeneza mengine. Wewe una siku nne, na utakachowaonyesha waamuzi ni kuni.

Wifi hajambo?

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Umeshinda. Jana niliandika, wifi yako akiwa amenisimamia mikono kiunoni: MASANDUKU HAYA AMEYATENGENEZA MDOGO WANGU, FUNDI SEREMALA. Rangi nyekundu, herufi za shibiri nzima, nimepaka mara mbili zisifutike.

Barua hii anakuletea wifi yako mwenyewe. Mpe jibu arudi nalo. Keshokutwa ndiyo siku.

Kaka yako

21 Machi

Shikamoo kaka,

Habari za tangu jana? Wifi nilimpa chai, jibu sikumpa. Nilitaka nilete mwenyewe.

Ulipoitwa ukasimama mbele ya waamuzi na spana yako, ukavuta, ukasukuma. Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Nilikuangalia dakika sita, na sitasema uongo, zilikuwa tamu. Kisha yule mama mwamuzi akasoma ubao, akauliza, "Sasa huyo mdogo wako yuko wapi?" Ukainua mabega. Ndipo nikapita.

Uliniona nikilala ubavu, nikaingiza mkono wa kushoto nyuma ya tairi. Komeo liko pale, na mkono wa kulia haulifikii hata uuvunje. Mimi ni mashoto, kaka. Mezani nilikatazwa, karakanani hakuna aliyenikataza. Ungenitazama nikifanya kazi siku moja tu, barua hizi zote tusingeandikiana.

Dakika nne, masanduku matatu yakawa chini kwenye majani. Wewe ukawa unaelekeza, "Polepole! Hapo hapo! Shusha!" kama msimamizi wa ujenzi. Nilikuacha. Watu walikuwa wameshaanza kucheka.

Sasa umeniuliza kupitia wifi masanduku yamekwenda wapi. Ulitaka gari lako la kazi, si ndiyo? Unalo, tupu na limefagiliwa. Masanduku yamo kwenye gari la mama mmoja fundi umeme aliyeyanunua, la aina moja na lako. Yaliingia bila kukwaruza. Yeye hakuniuliza fundi yuko wapi. Aliniuliza ninaitwa nani.

Anataka jina langu liandikwe ubavuni mwa gari, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamwambia namfahamu fundi rangi mwenye hati nzuri, na siku hizi ana nafasi ya kutosha garini. Atakupigia Jumatatu asubuhi. Uandike jina langu kamili, siyo lile la utani, Maranda, na usizidishe neno, kaka, hata moja.

Mdogo wako